Kichwa cha Wunpini

Kwaru, kwaru, kwaru.

Adhana ilikuwa bado na chumba kilikuwa giza tupu, lakini sikuhitaji taa kujua ni nini. Panya akikwangua hunyamaza kidogo, asikilize kama amesikika. Hizi zilikuwa kucha za binti yangu Wunpini, na hazikunyamaza. Nilipapasa mkekani nikaukamata mkono wake, nikautoa kichwani.

"Usijikune, mama. Utajitoa damu."

"Kinawasha."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na huku kote."

Alikuwa na miaka sita. Nilimpuliza kichwani kama ninavyopuliza uji wa moto, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine, na vidole vyangu vilirudi na unga mkavu. Harmatani ilikuwa imeushika mji wa Tamale tangu mwanzo wa Desemba. Upepo ule wa jangwani hauna adabu. Unapasua midomo, unapasua visigino, unapasua hata mlango wa mbao uliokuwa ukifunga vizuri wakati wa mvua. Kila mtoto mtaani kwetu alikuwa na mba. Lakini kichwa cha Wunpini kilikuwa kimeshapita mba. Kilifanya magamba, na chini ya magamba ngozi ilikuwa mbichi.

Nikiwa nimeushika mkono ule mdogo, niliwaza jambo lile lile nililokuwa nikiliwaza kila alfajiri. Kichwa hiki kilianza kuharibika wiki ile ile aliyokuja wifi yangu.

Wifi Azaratu ni dada mkubwa wa mume wangu, Issahaku. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba Issahaku mgongoni, akiwa mwenyewe msichana wa miaka kumi na miwili, kwa hiyo mpaka leo mume wangu akiitwa na dada yake huitika kabla ya kujua ameitiwa nini. Anaishi Gushegu, anatengeneza mafuta ya kupaka ya mbegu za shea, na hana binti. Alikuja kwetu kwa maziko ya mjomba wao. Dua ya siku saba ikapita, wenzake wote wakapanda basi wakarudi. Yeye akabaki. Hakusema amebakia nini, nasi hatukumwuliza. Ataulizwaje mtu aliye kwenye nyumba ya mdogo wake?

Lakini mimi nilijua, kama anavyojua kila mke katika ukoo huu. Shangazi asiye na binti ana haki ya kumwomba ndugu yake mtoto wa kike amlee. Tunasema kuomba, lakini ni kuchukua kwa adabu. Anakuja na kola, zile njugu chungu za kutafuna, ndani ya kitambaa, anakaa, anasema neno lake, na baba wa mtoto akishaichukua ile kola, mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe nililelewa na shangazi yangu kule Karaga. Alinipenda, simsemi vibaya. Ila alikuwa na mbegu nyingi za kuponda na hakuona kazi ya shule, ndiyo maana leo, na miaka yangu ishirini na sita, natembea jioni na daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwenda kujifunza vitu ambavyo Wunpini atavijua kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Nilishajiapia kwamba mwanangu hataifuata njia ile.

Basi nikawa namtazama wifi. Nilimtazama akila, nilimtazama akifagia, na zaidi nilimtazama alivyomshika mtoto.

Alianzia kichwani. Jioni nikienda darasani, ndiye anayebaki na Wunpini. Anamketisha katikati ya magoti yake, anachota mafuta kwenye kibuyu alichokuja nacho, anayayeyusha viganjani, halafu anazigawa nywele njia kwa njia na kupaka kwa ncha za vidole. Nikirudi nakuta mtoto amelala, kichwa kinang'aa kama kikaango.

"Kichwa hiki kinakunywa mafuta kama mchanga," aliniambia siku moja, akiwa amemgeuza Wunpini kwenye mwanga. "Mama Wunpini, mchana unakifanya nini kichwa hiki?"

"Nikifanye nini, wifi? Si kichwa tu."

"Kichwa tu," alirudia, na hakuniondolea macho.

Hayo ni maneno ya wiki ya pili, nami wakati huo nilikuwa nimeshaanza kukifanya kitu. Nitaeleza.

Jirani yangu Barikisu anatengeneza sabuni nyeusi nyuma ya nyumba yake, ile ya majivu na mafuta. Nilikwenda kwake nikamkuta amekalia kigoda, anakoroga.

"Bado yupo?" aliniuliza kabla ya salamu.

"Yupo."

"Na yale mafuta yake umeyanusa?"

"Ni shea, Barikisu. Mafuta ya shea yananuka shea."

"Haya." Alikoroga. "Mwenzangu, shangazi anayetaka mtoto hagombani na mtu. Anakitengeneza kichwa. Kichwa kikishauzoea mkono wake, siku akipanda basi mtoto anamlilia yeye, hakulilii wewe. Na mtoto akishamlilia mbele ya watu, nani atakataa?"

"Kwa hiyo unasema kuna kitu kwenye mafuta."

"Mimi sijasema. Mimi mdomo wangu uko hapa unauza sabuni. Nakuuliza tu: akimchana, nywele zinazotoka anazitupa wapi?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani likiniwasha kuliko mba. Kwetu nywele za mtoto zinazobaki kwenye chanuo hazitupwi ovyo. Mama huzikunja, huzisukuma kwenye moto wa jikoni kwa mkono wake mwenyewe, mpaka ziishe. Nilichunguza moto wetu siku mbili. Hakukuwa na harufu ya nywele, wala wifi hakuwahi kukaribia mafiga baada ya kumchana mtoto.

Siku ya tatu alipoingia kuoga, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu kuzaliwa. Nilifungua mfuko wake. Chini ya kanga zake palikuwa na utepe mrefu wa kitambaa cheupe, umefungwa mafundo, moja baada ya jingine. Nilifungua fundo moja. Ndani mlikuwa na nywele za mwanangu, na yale magamba yake. Yalikuwa mafundo kumi na moja, na yeye alikuwa na siku kumi na moja kwetu.

Nililifunga tena kama lilivyokuwa.

Siku ile ile nilinunua sabuni kwa Barikisu, mpya, bado laini, nyeusi kama lami. Na kuanzia kesho yake, kila alfajiri wifi akiwa kwenye sala yake, ambayo ni ndefu, mimi nilimwamsha Wunpini nikampeleka bafuni na kuyaosha yale mafuta yote. Nilisugua mpaka ngozi iliposema kwii chini ya kidole. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba usafi ni nusu ya tiba, na mimi nilitaka nusu zote mbili. Maji yalikuwa ya baridi. Mtoto alitetemeka, lakini alisimama.

"Usimwambie shangazi," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama amesema."

Akaitikia kwa kichwa, povu likamwingia jichoni.

Mchana kichwa kilikuwa kinakakamaa. Jioni wifi anapaka. Alfajiri mimi naosha. Na kila siku kuwasha kulizidi, nami kila siku nilijiambia: ona, mafuta yale yana kitu, hata nikiyaosha yanabaki.

Nilimweleza Issahaku. Yeye ni fundi wa pikipiki, na mambo huyataka kama pikipiki zake, umwoneshe palipovunjika.

"Dada yako ataondoka lini?"

"Amekukosea?"

"Hajanikosea."

"Anapika, anafagia, anakulelea mtoto ukienda kusoma. Wenzio wanamtafuta wifi wa hivyo kwa tochi."

"Kichwa cha mtoto kinaoza, Issahaku."

"Harmatani hiyo."

"Harmatani haifungi nywele za watu mafundo kwenye kitambaa."

Aliacha kufuta mikono. "Umepekua mfuko wa dada yangu?"

Niliinama nikaanza kukusanya sahani.

"Usirudie."

"Na akimwomba mtoto?"

"Hajamwomba."

"Akimwomba?"

Alijibu kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Lamnatu, mwanamke yule alinitafunia chakula nikiwa sina meno. Unataka nimwambie nini?"

Jioni moja umeme ulikatika tukiwa katikati ya hesabu za sehemu, mwalimu akaturuhusu. Nilirudi nyumbani mapema, nikaingia uani kimya. Sikunyata; viatu vyangu ni vya mpira tu. Wifi na Wunpini walikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Nilisikia sauti ya wifi, ndogo, karibu na sikio la mtoto.

"Haya, sema. Inanukaje leo?"

"Kama karanga, shangazi."

"Karanga zilizoungua?"

"Hapana. Karanga tu."

"Una hakika? Nusa tena."

Mtoto akavuta pumzi kwa pua: "Karanga tu."

"Vizuri. Usimwambie mama yako."

Nilitokea pale kama niliyesukumwa. Wifi alikifunika kibuyu haraka.

"Umerudi mapema."

"Umeme umekatika."

"Basi karibu, hata sisi tuko gizani," alisema, na akaendelea kupaka.

Kesho yake alfajiri nilimwosha Wunpini mara mbili. Ndiyo mara ya kwanza alipolia. Alilia bila sauti, amekaza midomo, ili shangazi asisikie, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Jioni ya siku hiyo, darasani, mwanamke aliyekaa karibu nami alinigusa. "Umeshika chokaa?"

Nilitazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mweupe kwenye vifundo vya vidole, umepasuka mistari midogo, na kwenye daftari, pale ulipopita nikiandika, palikuwa na vumbi jeupe. Ulikuwa ukiwasha kwa siku tatu, nami nikawa naukuna bila kuuangalia. Nikauweka wa kushoto kando yake. Wa kushoto ulikuwa mzima. Mkono wa kushoto ndio ninaomshikia Wunpini bega. Wa kulia ndio ninaosugulia.

Sikusikia tena lililosemwa ubaoni. Mkono huu haukuwahi kugusa kibuyu cha wifi hata siku moja. Nilikwepa mafuta yake kama ninavyokwepa moto. Sasa magamba haya umeyapata wapi?

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja bafuni, nikaichukua ile sabuni, nikaigusisha kwenye ncha ya ulimi. Wanaotengeneza sabuni hufanya hivyo kujua kama majivu yametulia. Ikiwa imeiva, ulimi hauoni kitu. Ulimi wangu uliuma kama nimelamba betri. Barikisu alikuwa ameniuzia ikiwa bado mbichi, labda haikuwa na wiki. Nami hiyo sabuni mbichi nilikuwa nimemsugulia mwanangu kichwani alfajiri tisa, juu ya vidonda, kisha nikamtoa kwenye upepo ule.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa wiki nzima nilikuwa nikimtafuta mtu anayemdhuru mtoto, na mtu huyo alikuwa akiamka kabla ya adhana na kujifunga kanga yangu.

Sikumwambia mtu. Nitasema ukweli: niliona haya, na haya yangu ilikuwa imechanganyika na hesabu. Nikikiri, nani ataniachia mtoto? Niliitupa sabuni shimoni, nikaacha kuosha, basi.

Kichwa kiliponea mikononi mwa wifi, na mimi sasa nilitazama vizuri anavyofanya. Hakutumia kucha hata mara moja. Aliyashika mafuta mpaka yawe maji ya vuguvugu, akayaacha magamba yalainike yenyewe, yakatoka kwa kitambaa chenye unyevu bila kuvutwa. Usiku alimfunga kitambaa cha pamba kichwani ili upepo usinyonye. Siku tano hakumwosha kabisa, na Ijumaa alimmwagia maji ya uvuguvugu, taratibu, kiganja kwa kiganja, akapaka tena nywele zikiwa bado na majimaji. Ngozi ikarudi kuwa ngozi. Wunpini akalala mpaka kunakucha.

Ungedhani na mimi moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Kilichonisumbua sasa ni yale mafundo, na ile minong'ono. Mafuta mazuri yananuswa kwa siri ya nini?

Jibu nililipata Jumamosi, nalo halikunifurahisha. Wifi alikuwa ameteleka kunde, amekaa kando ya chungu, mkono mmoja tu kutoka motoni, akimsuka Wunpini. Mimi nilikuwa naanua nguo upande wa pili wa ua. Harufu ya kuungua ilinifikia mimi kwanza, kule kwenye kamba. Moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya bega lake. Yeye alikuwa akiimba kidogo kidogo, anagawa nywele.

"Wifi, kunde."

Alishtuka, akageuka, akauona moshi. "Nilikuwa mbali kimawazo," alisema, akakiipua chungu kwa pindo la kanga. Lakini macho yake yalimkimbilia mtoto kwanza. Na mtoto alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akafunga mdomo kama mtu aliyebeba maji kichwani asiyetaka hata tone lidondoke.

Hapo nikaelewa. Anayekaanga mbegu za shea haangalii saa wala rangi. Ananusa. Mbegu ikipita kidogo, mafuta yote yanakuwa machungu na hakuna wa kuyataka. Mwanamke wa shea asiye na pua ni fundi cherehani asiyeona uzi. Na wifi yangu alikuwa amepata pua nyingine, ndogo, ya miaka sita, inayosema kweli na kutunza siri. Ndiyo maana hakuondoka. Sasa hofu yangu ilikuwa na sababu, na sababu ile ilikuwa na haki.

Lakini lililoniuma lilikuwa jingine. Mtoto wangu alikuwa akitembea na siri mbili. Mimi nilimpa moja, shangazi yake akampa nyingine, na kila mmoja wetu alimwambia usimwambie yule.

Jumatatu jioni, siku ya mwisho ya likizo ya shule, baada ya chakula, wifi alikunjua mkeka, akatoa kitambaa kifuani, akakiweka katikati. Kola sita, nyekundu na nyeupe. Issahaku alikaa wima. Wunpini alikuwa amejiegemeza kwenye goti la shangazi yake.

"Mdogo wangu," alisema wifi, "nimekaa kwako siku nyingi na hukuniuliza. Mungu akulipe. Nilikuwa na neno tangu siku ya kwanza, lakini kichwa cha mtoto huyu kilikuwa kikinikataa. Kila nikipaka kinazidi. Nikajiuliza, damu yetu nimeikosea nini? Nikasema sitamwomba mtoto ambaye kichwa chake kinaukimbia mkono wangu. Nikawa nahesabu." Akautoa ule utepe wa kitambaa. Akafungua fundo la mwanzo, magamba yakaanguka mengi. Akafungua la katikati, mengi zaidi. Akafungua la jana, zikatoka nywele tatu, safi. "Umeona? Kimekubali. Mtoto aliyekubali mkono wa shangazi yake ni wa shangazi yake. Haya nitayachoma sasa, kazi yake imekwisha."

Yale mafundo ndiyo yalikuwa hayo tu. Kumbukumbu za mtu asiyejiamini.

Issahaku hakunitazama. Aliitazama kola. Mkono wake wa kulia ulianza kutoka gotini.

"Usiichukue bado," nilisema.

Mke hasemi wakati huo. Mkono wake ulisimama hewani.

"Kichwa hakikukukataa, wifi," nilisema. "Mimi nilikuwa nakiosha. Kila alfajiri ulipokuwa kwenye sala. Kwa sabuni ya Barikisu, mbichi. Mwanzo ilikuwa harmatani tu; nilipoanza kuosha, mafuta yako hayakukaa tena hata siku moja kamili. Nilipoacha, kikapona. Hakuna ishara yoyote hapo."

"Ulikuwa unakiosha," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliyaogopa mafuta yako. Nilikuogopa wewe."

"Lamnatu," alisema Issahaku, kama mtu anayetaja kitu kilichoanguka.

Wifi hakupandisha sauti. Alianza kuufunga tena ule utepe, fundo kwa fundo, ukiwa hauna kitu. "Wiki tatu nimelala kwenye chumba kile nikidhani nimeunguza mbegu zangu. Nikidhani mikono yangu inamchoma mtoto. Kuna siku nilitaka kukimwaga kibuyu chote chooni. Ungeniuliza, mama Wunpini. Ungeniuliza tu."

"Na wewe ungeniambia, wifi."

"Nikuambie nini?"

Nilimtazama Wunpini. "Mtoto huyu anabeba siri mbili," nilisema. "Yangu nimeshamtua."

Wifi alikivuta kile kibuyu, akakiweka mbele ya mdogo wake, akakifunua. "Issahaku, mimi sisikii harufu. Tangu ile homa ya wakati wa mvua. Hata ukiniwekea samaki aliyeoza hapa, sijui. Mtoto ndiye anayeninusia. Wenzangu Gushegu wakijua, nani ataniachia nikae kwenye kikaango? Wataniambia nikachambue mbegu na watoto."

Issahaku alifuta uso kwa fulana yake, ile yenye mafuta ya pikipiki, akajipaka weusi shavu zima. Hakuna aliyecheka, ingawa palikuwa pa kucheka.

Nilikiinamia kibuyu nikanusa. Ndiyo mara ya kwanza nilinusa kwa kutaka kujua, si kwa kutafuta kosa. "Kama karanga," nilisema. "Hayajaungua. Ni mafuta mazuri, wifi."

"Sasa unayanusa."

"Sasa nayanusa. Pua ninayo, na asubuhi sina darasa. Zilete mbegu hapa, au ukae huku kabisa, chumba ni chako. Wanawake wa mtaa huu wanakaanga pale kisimani kila wiki, hutakuwa peke yako."

"Wewe na daftari lako."

"Daftari ni la jioni."

"Na zikiungua?"

"Nitakwambia zimeungua."

"Utaniambia kweli? Wewe uliyekuwa ukiamka kwa siri na ndoo?"

"Nimeshadanganya vya kutosha mwaka huu, wifi, na mwaka wenyewe ndio umeanza."

Kona ya mdomo wake ilicheza, kidogo sana, ikatulia. Hakusema ndiyo. Kola zilikuwa bado katikati ya mkeka na Issahaku alikuwa amekaa kama mtu aliye kwenye mzani. Niliona wifi akifikiria nyumba yake ya Gushegu, na kikaango chake, na watu watakaosema amerudi kwa ndugu yake kwa kuwa ameshindwa. Niliona pia kwamba haki yake bado anayo. Nilichosema kiliondoa ishara tu, hakikuondoa ushangazi. Akitaka, atasukuma kile kitambaa mbele, na mume wangu atakipokea, nami nitafunga nguo za mtoto.

Badala yake alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa. Alimgeuza Wunpini, wakatazamana.

"Na wewe mwenye kichwa chako, unasemaje? Twende Gushegu?"

Issahaku alikohoa, mtoto haulizwi. Mimi nilibana ulimi kwa meno. Nilikuwa nimemwambia mtoto yule mambo mengi ya kusema na ya kutosema, na jioni hii sikuwa nimempa hata neno moja.

Wunpini alimtazama shangazi yake, akamtazama baba, akanitazama mimi, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayeangalia ni mlango upi uko wazi. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida:

"Kesho nina shule."